Mahali pa Kupiga Hema Katika Nchi ya Kagondo

Kila ufikapo mwezi wa Juni, shule zikafungwa na mvua za masika zikakatika, huwako wazazi waulizao: je, katika nchi ya Buhaya hapana mahali ambapo mtu aweza kuwachukua watoto wake, akapiga hema, akalala nao nje usiku mmoja au miwili, wakaziona nyota na kuwasikia ndege wa alfajiri, kisha akarejea nao nyumbani salama? Mahali pako, tena pengi. Lakini njia ya kupapata si ile waidhaniyo wengi, na kwa kuwa jambo lenyewe lahusu usalama wa watoto na haki za watu, yafaa lielezwe kwa urefu kidogo.

Kwanza ifahamike kuwa Kagondo ziko mbili. Moja ni kata iliyo ndani ya Manispaa ya Bukoba, na ya pili iko wilaya ya Muleba, ambayo wengi waijua kwa sababu ya hospitali yake. Maneno haya yahusu zaidi Kagondo ya Muleba na nchi iliyo baina yake na ziwa, ijapokuwa mengi katika hayo yafaa kwa zote mbili.

Mgeni atokaye Bukoba kwa gari akielekea kusini huona nchi ya namna mbili zinazopokezana. Huona vijiji vilivyofunikwa na migomba hata nyumba hazionekani, kisha ghafula migomba hukoma, akatokea katika uwanda wa nyasi ulio wazi, wenye mawe hapa na pale, na upepo, na ziwa likimeta kwa mbali upande wa mashariki. Hapo moyo humwambia: hapa ndipo. Migomba ina wenyewe, lakini nyasi hizi hazina mtu. Basi husimamisha gari, akashusha hema, akaanza kupigilia mambo. Na hapo ndipo huanza matata yake, maana uwanda ule una wenyewe kama migomba ilivyo na wenyewe, ila alama zake hazionekani kwa macho ya mpita njia.

Wahaya huigawa ardhi yao sehemu tatu. Kibanja ni shamba la nyumbani, ambamo migomba, mibuni, maharage na miti ya kivuli vimechanganyika kuizunguka nyumba. Kikamba ni ukingo wa shamba hilo, mahali pa mihogo, viazi na mahindi. Na rweya ni huo uwanda wa nyasi ulio baina ya kijiji na kijiji. Udongo wa rweya ni mwembamba na dhaifu, umekaa juu ya mwamba wa mchanga, na mvua nyingi zimeuosha tangu zamani. Aonaye kibanja kilivyonawiri hudhani kuwa watu walichagua mahali penye rutuba wakajenga. La, rutuba ile ililetwa kwa mikono. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, wakalala nyumbani usiku, na samadi yao ikawa chakula cha migomba. Nyasi za rweya zilikatwa, zikafungwa matita, zikatandazwa chini ya migomba zioze. Nyasi hizo hizo ndizo zilizoezekea msonge, ile nyumba ya kale ya mviringo, na ndizo zilizotandikwa sakafuni watu wakakaa juu yake. Akina mama nao hulima vipande vyao humo humo rweya, wakapanda njugumawe, kisha wakakiacha kipande kipumzike miaka kadha kabla ya kurudi. Kwa hivyo mtu aweza kusema kwamba rweya ndiyo iliyomlisha kibanja, na kibanja ndicho kilichowalisha watu.

Sasa fikiri, ndugu msomaji: hema mbili na gari moja vikikaa siku mbili juu ya nyasi ambazo mama mmoja amezihifadhi azikate wiki ijayo, nyasi zile zimelazwa na kukanyagwa, hazifai tena kufunga tita. Au mgeni apiga hema juu ya kipande kilichopumzishwa, akachimba shimo la moto mahali patakapopandwa. Na siku hizi kuna jambo jingine. Sehemu nyingi za rweya zimepandwa mikaratusi na misonobari, na miche ya mwaka wa kwanza haipiti kimo cha nyasi. Mtu aweza kuegesha gari juu ya miche thelathini ya jirani yake asijue kuwa ameiua. Mimi sipendi sana kuona nyasi zile zikigeuzwa msitu wa mikaratusi, lakini miche ni mali ya mtu, na kupenda au kutopenda kwangu hakunipi ruhusa ya kuikanyaga.

Tena watu wa nchi hii wana kumbukumbu kali juu ya ardhi, na wana sababu. Chini ya utaratibu wa nyarubanja mkulima aliweza kukaa katika shamba, yeye na wanawe, na shamba likawa la bwana ambaye hakushika jembe. Utaratibu ule ulivunjwa kwa sheria baada ya uhuru, kuanzia mwaka 1965, na aliyekuwa mpangaji akawa mwenye shamba. Wako wazee walio hai ambao baba zao walipata uhuru wa ardhi kwa sheria hiyo. Halafu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Kwa hivyo hata pale ambapo hapana mtu mmoja awezaye kusema rweya hii ni yangu, yuko wa kuulizwa.

Niliwahi kumkuta mzee mmoja akikata nyasi juu ya Kagondo, panga mkononi na tita mbili zimekwisha fungwa kando yake. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, waitu. Watoka wapi?"

Nikamweleza nitokako, na kwamba natafuta mahali pa kulala na vijana watatu kwa hema, kwa usiku mmoja. Akaiweka panga chini, akayatazama mambo ya hema yaliyofungwa juu ya mkoba wangu.

"Hivyo vigingi ni vya hema?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri umesema. Watu wakija hapa na vigingi bila salamu, sisi twajua wamekuja kupima."

Maneno haya machache yalinifunza zaidi ya safari nyingi. Sisi twaona hema. Mwenye nchi huona kamba, vigingi, gari geni, na watu wanaotazama huku na huku kama wachaguao kiwanja. Usiku akiona mwanga wa taa rweya, ambako hakuna nyumba, hufikiri ama ni wapimaji walioachia kazi ya kesho, ama ni wezi wa ng'ombe. Katika hali zote mbili hatalala usingizi, wala hatawaacha jirani zake walale. Na kundi la vijana wa kijiji waliokurupushwa usiku kwa habari ya wezi si kundi ambalo mtu angependa watoto wake walione likija na marungu.

Mzee yule alitupeleka mwenyewe mahali ambapo tusingalipaona. Palikuwa bega la kilima, chini kidogo ya mgongo wake, penye safu ya miti ya zamani iliyokinga upepo wa ziwani, na nyasi fupi zilizokwisha kuliwa na ng'ombe. Wachungaji walizoea kukaa hapo adhuhuri. Udongo wake ulikuwa mkavu, na maji ya mvua yalikuwa na njia yake ya kuteremkia pembeni. Tungalizunguka siku nzima na ramani, tusingalipapata. Basi kuuliza kuna faida ya pili ambayo watu huisahau: aulizaye hapewi ruhusa tu, hupewa na elimu ya mahali.

Taratibu zenyewe si ngumu. Atangulie mtu kwa mwenyekiti wa kitongoji, au mwenyekiti wa mtaa kama ni Kagondo ya mjini Bukoba. Aseme jina lake, atokako, idadi ya watu, wanaume kwa wanawake, na siku za kukaa. Wenyeviti wengi wana daftari la wageni. Mgeni aandikwe humo, wala asione kuwa ni usumbufu, kwa sababu jina lililoandikwa ndilo litakalomtetea usiku mtu akiuliza taa ile ni ya nani. Kisha mwenyekiti atamwonyesha mwenye sehemu ile ya rweya, kama yuko, naye aombwe mbali. Haya yote yafanywe kabla ya saa kumi alasiri, si magharibi giza likiingia, maana mwombaji wa usiku humtia mwenyeji katika dhiki: hawezi kukuruhusu kwa furaha wala hawezi kukufukuza.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya serikali za leo tu. Misafara ya watu wa pwani ilipofika nchi za magharibi ya ziwa katika karne ya kumi na tisa, ikafanya makao ya biashara Kafuro huko Karagwe, ilikuwa na desturi hiyo hiyo. Msafara wenye wapagazi mamia haukuweza kulala popote ulipochokea. Ulihitaji maji, kuni, chakula cha kununua, na amani ya mwenye nchi, na amani hiyo iliombwa na kulipiwa. Malipo yale yaliitwa hongo. Leo neno hilo limeharibika, halitajwi ila kwa ubaya, lakini asili yake lilikuwa ushuru wa njia uliotolewa kwa mtawala mchana kweupe, watu wakishuhudia. Hata Speke na Grant, Waingereza waliofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwezi wa Novemba 1861, walikaa kwa idhini yake, na ukarimu wa mfalme yule umeandikwa katika habari za safari yao. Mgeni alilala vizuri pale mwenyeji alipojua kuwa amelala.

Sasa tuje katika mahali penyewe, maana ruhusa haimzuii mtu kulowa.

Nchi hii imekaa kama migongo mirefu iliyolala sambamba na ziwa, na baina ya mgongo na mgongo kuna mabonde yenye mito myembamba na mafunjo. Mabondeni pasilalwe. Hewa ya baridi huteremka usiku ikatuama huko, mbu ni wengi, na mvua ikinyesha mlimani maji hufika bondeni yakiwa mengi kuliko yalivyoonekana. Juu kabisa ya mgongo napo si pazuri, ijapokuwa ndipo panapovutia macho, kwa sababu ya upepo na kwa sababu ya radi. Mti mmoja ulio peke yake juu ya kilima ni mahali pa kivuli mchana. Usiku wa mvua ni mahali pa mauti. Patafutwe bega la kilima, theluthi moja hivi chini ya kilele, mteremko ukiwa mdogo, na kichwa cha mlalaji kielekee juu. Na kwa kuwa mwamba hauko mbali, mambo ya hema mara nyingi hugonga jiwe. Yafaa kuchukua kamba za ziada na kuzifunga katika mawe makubwa.

Juu ya mvua yako maneno ambayo kila alalaye nje katika pwani hii ya ziwa yampasa ayajue. Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na kadiri mtu aendavyo magharibi mvua hupungua, hata kufikia karibu nusu ya hiyo. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi, na kiangazi ni Juni hadi Agosti. Lakini ajabu yake si wingi, ni saa. Katika nchi nyingi mvua ya radi huja alasiri, na jioni ikiwa safi watu hulala na matumaini. Hapa sivyo. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa upesi kuliko maji, na hewa iliyopoa huteremka kutoka pande zote za ziwa ikaenda kukutana katikati, juu ya maji yaliyohifadhi joto. Hewa yenye unyevu hupanda, mawingu ya radi hujengeka usiku kucha, na upepo mkuu wa mashariki huyasukuma kuelekea huku kwetu. Hufika usiku wa manane au karibu na alfajiri. Mtu aliyelala chini ya nyota saa nne usiku aweza kuamshwa saa kumi na ngurumo. Kwa hivyo hema lifungwe kama kwamba mvua imekwisha anza, mfereji mdogo upitishwe upande wa juu kama mwenye mahali ameruhusu kuchimba, na nguo kavu za watoto zitiwe ndani ya mfuko usiopenya maji. Mtu akiamka usiku na kuona vimulimuli vya radi upande wa mashariki juu ya ziwa, asiseme kuwa viko mbali.

Wengi watauliza, mbona twahangaika na vilima, na ufuko wa ziwa uko pale, na mchanga wake, na upepo wake? Hapa sina budi kusema waziwazi kuwa mimi si mpenzi wa kulala ufukweni pamoja na watoto. Kuutembelea mchana, vema. Kulala, hapana, isipokuwa mahali ambapo wavuvi wenyewe wanakaa na wakasema panalalika.

Sababu ya kwanza ni viboko na mamba. Kiboko hukaa majini mchana, na usiku hutoka kula majani nchi kavu, akipita njia zake zile zile miaka nenda miaka rudi. Akitishwa, hukimbilia maji, na chochote kilicho baina yake na maji hukikanyaga. Njia yake hujulikana: ni mfereji mpana uliolazwa nyasi, wenye alama za miguu minne yenye vidole vinne, unaoteremka mpaka majini. Twakumbuka hapa mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yaliyopokewa na Imam Muslim, kwamba msafiri atuapo usiku aepuke kulala njiani, kwa kuwa njia ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu waumao wakati wa usiku. Mtu wa ziwani hahitaji kuelezwa maana yake.

Sababu ya pili ni kichocho. Ziwa letu lina kichocho cha tumbo, ambacho hubebwa na konokono wadogo wakaao katika maji yaliyotulia yenye majani na matete. Vijidudu hutoka katika konokono, hasa jua likiwa kali, vikaogelea, vikapenya ngozi ya mtu pasipo yeye kuhisi kitu. Mtoto aliyesimama katika maji ya magotini kwa dakika chache, akicheza au hata akitawadha, amekwisha jitia hatarini. Basi maji yachotwe, yasiingiwe. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Na ya kutawadha na kuoga yawe ya bomba au ya kisima cha kijiji, au kama ni ya ziwa, yawe yamechemshwa au yamekaa chomboni siku mbili kamili. Aliyezoea kwenda ziwani mara kwa mara na apimwe hospitali, maana dawa yake ipo na si ghali.

Na sababu ya tatu ni ziwa lenyewe, ambalo halikai mahali pamoja. Mwaka 2020 maji yalipanda mpaka kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na fukwe nyingi, pamoja na nyumba za watu, zikafunikwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Hema si shughuli ya kudumu, lakini kipimo kile ni kizuri hata kwa alalaye usiku mmoja.

Liko jambo jingine zito zaidi ya yote hayo. Katika majabali yaangaliayo ziwa kuna mapango na miamba iliyoinama kama dari, na mvua ikimkuta mtu njiani huona kuwa Mungu amemwekea nyumba. Asilale humo, wala asiwaache watoto wachezee humo. Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba. Watu 9 walihesabiwa kuupata, na 6 miongoni mwao wakafariki, kabla haujatangazwa kwisha mwezi wa Juni. Mwezi wa Januari 2025 ukatangazwa tena, mara hii Biharamulo, na watu 10 wakafariki. Virusi vya Marburg hukaa katika popo wakubwa walao matunda ambao hulala mapangoni kwa maelfu, na hatari iko katika kinyesi chao, mkojo wao na mabaki ya matunda waliyoyatafuna. Jirani zetu wa Uganda walipata habari hiyo kwa uchungu, pale mtalii wa kike kutoka Uholanzi aliyeingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo mwaka 2008 aliporudi kwao akafa. Pango lenye harufu kali na sakafu nyeusi laini si kimbilio. Ni heri kulowa. Tena yeyote apatwaye na homa kali baada ya kuingia mahali kama pale na aende hospitali haraka, na aseme wazi alikokuwa.

Ama misitu ya hifadhi na mbuga, maneno yake ni mafupi. Misitu ya serikali ina wasimamizi wake, ambao ni Wakala wa Huduma za Misitu, na kulala humo kwahitaji kibali. Upande wa magharibi, Burigi-Chato imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019. Huko kuna simba na nyati, na mtu hulala mahali palipopangwa, kwa malipo, na kwa maelekezo ya askari wa hifadhi. Si mahali pa kujaribia hema jipya.

Tukirudi rweya, mambo madogo yaliyobaki ndiyo yaletayo raha au karaha. Siafu hutembea usiku, hasa ardhi ikilowa, na jeshi lao likiingia hemani hapana atakayelala. Kabla ya kupiga hema izungukwe ardhi hatua ishirini kila upande, wakitafutwa siafu, mashimo ya nyoka na vichuguu. Zipu ya hema ifungwe wakati wote, hata mchana. Wenyeji humwaga majivu kuzunguka mahali pa kulala, na mgeni aweza kufanya vivyo hivyo. Chandarua kisiachwe nyumbani kwa kudhani kuwa kilimani hakuna mbu.

Moto ni amana nzito kuliko zote. Nyasi za Julai hushika moto kwa cheche moja, na upepo wa ziwani huupeleka kwenye miche ya mtu kabla hujasimama. Kama wenyeji wamekataza moto, isiwe na mjadala; ipikwe kwa jiko la gesi au wachukue chakula kilichopikwa. Wakiruhusu, nyasi ziondolewe mpaka udongo uonekane, mawe yapangwe, na ndoo ya maji iwekwe karibu. Na Mtume wetu ametukataza kuacha moto ukiwaka nyumbani wakati wa kulala. Basi rweya ni zaidi.

Wenye safari ya familia wachukue hema mbili, na ile ya akina mama na wasichana iwe upande usio na njia, ikielekezwa mlango wake mbali na mapito ya wachungaji. Choo kipangwe kabla jua halijatua: shimo la kina cha mkono, mbali na maji, mbali na kivuli cha watu na mbali na njia, kama sheria yetu ifundishavyo, na mtu asikojoe katika mashimo ya wadudu.

Juu ya Sala kuna mambo mawili ambayo wageni hukosea. Kagondo iko mbali sana magharibi kuliko Dar es Salaam, na jua lake hutua nusu saa hivi baadaye. Aliye na redio akasikia adhana ya magharibi ya Dar es Salaam, na huku amefunga, asifungue kwa adhana ile. Jua kwake lingali juu ya vilima. Na kibla cha hapa ni kaskazini, kikipinda kidogo mashariki. Mtu asimame ziwa likiwa kuliani kwake, kisha ageuke kulia kidogo tu. Wako waelekeao jua linapochomoza, nako ni mbali na kibla. Ama kupunguza Sala, aliyetoka Bukoba mjini hajafika ule mwendo wa kilomita 80 hivi ambao wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii huukadiria, basi asali kamili. Aliyetoka Mwanza yeye ni msafiri.

Asubuhi ya kuondoka, mwenyeji aweza kuja na buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo Wahaya humpa mgeni azitafune. Zipokewe kwa mikono miwili. Akileta rubisi, mgeni Mwislamu atakataa kwa upole na mwenyeji ataelewa, maana Waislamu si wageni katika nchi hii. Fedha za kulipia mahali mara nyingi hukataliwa. Sukari, sabuni na chumvi hazikataliwi. Mashimo yafukiwe, majivu yamwagiwe maji mpaka yapoe mkononi, takataka zote zirudi ndani ya gari, na mambo ya hema yahesabiwe moja moja yasisahauliwe ardhini. Kisha mmoja wenu apite kwa mwenyekiti kabla ya kuingia njia kuu, aseme kuwa mmeondoka na kwamba moto umezimwa, naye ataandika saa katika daftari lake.